Naomba ushauri: namna ya kukataa pombe ya soju bila kumuudhi bosi wa Kikorea

Wakuu, habari zenu. Niko Busan mwaka wa pili, kazini ni Wakorea watupu. Kinachonitesa ni hoesik, ile milo ya jioni ya ofisi. Pombe situmii, lakini mkuu wa kitengo akiinua chupa animiminie, nakwama. "Aniyo" (hapana) kavu naona inamchoma. Nikisema "gwaenchanayo" (niko sawa, haina shida) huku natabasamu, anadhani nimekubali, anajaza! Juzi nikajitutumua na "dwaesseoyo". Meza nzima kimya. Kumbe ni kama kumwambia mtu mzima "basi, niache". Siku hizi napokea kwa mikono miwili, nageuka pembeni, nagusisha midomo tu. Mliokaa huku, "joesonghajiman, sureul mot masyeoyo" (samahani, siwezi kunywa pombe) inatosha? Na aking'ang'ania mara ya tatu nifanyeje?