MJADALA: Faini mpya za mtaa, nani kawapa mamlaka ya kuzipanga?

Mtoa mada

Wakuu habari zenu. Huku kwetu njia ya Morogoro, mtaa siutaji, kuna rasimu ya kanuni za mtaa inazunguka, zile za zamani zinafanyiwa marekebisho na Jumapili kuna mkutano wa kuzipitisha. Karatasi mbili zimegongwa muhuri. Kokoto au mchanga barabarani zaidi ya siku tatu elfu hamsini, ukuta kuingia barabarani laki mbili, kutapisha choo laki na nusu, halafu mwisho kabisa wameandika anayelipa ni "mkazi wa nyumba husika".

Mi sina shida na kubana watu. Masika yakianza kuna nyumba hapa bondeni wana bomba la choo la inchi nne limepitishwa chini ya ukuta, mvua ikikolea saa nane usiku wanalifungua, asubuhi watoto wa shule wanarukaruka juu ya matofali kuvuka na wewe chai haipandi. Hao wabanwe hata leo.

Ila mtaa hauna mamlaka ya kutunga faini jamani. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sura 287, ile sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Sisi wa mjini tuko Sura 288, ile ya mamlaka za miji, huku sheria ndogo inatungwa na halmashauri ya manispaa au jiji, waziri anaidhinisha, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mkutano wa mtaa hata tukinyoosha mikono wote haigeuki kuwa sheria. Na hata ukikamatwa kwa sheria ndogo yenyewe utaratibu upo, ukikubali kosa kwa maandishi afisa mwenye mamlaka analififilisha, yaani unalipa linaisha bila kesi, ukikataa mnakutana mahakamani.

Matokeo ya kujitungia tunayaona. Mama mmoja hapa alitozwa elfu ishirini kisa kiroba cha taka, risiti kakatiwa kwenye kile kitabu cha stationery, sehemu ya maelezo wamejaza "mchango". Mchango! Kwa sababu anayekata risiti anajua fika akiandika faini ataulizwa.

Afu hilo la "mkazi". Choo kimejaa kwa sababu shimo ni dogo na nyumba ina vyumba tisa, mpangaji wa chumba kimoja anahusikaje? Tulishaona 2021 kodi ya jengo ilivyohamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, deni la mwenye nyumba ila anayenunua umeme ni mpangaji, wangapi hapa walirudishiwa hela yao bila kubembeleza?

Mi naona hizo karatasi zibaki na makubaliano tu: ukikosea unapewa barua na siku 14 za kurekebisha, yakihusu jengo barua inaenda kwa mwenye nyumba, siku zikipita faili linaenda kwa afisa afya wa kata na malipo ni kwa kontroo namba. Mnasemaje?

Wa Tabata

Mkuu unaleta usomi kwenye kokoto. Afisa afya mmoja kata nzima, huyo atakuja lini kwako? Sisi tulikubaliana wenyewe elfu thelathini, wiki ya pili tu malori yakaanza kumwaga mchanga ndani ya fensi. Mbongo anaelewa hela, barua anafungia vitumbua.

Mwenye nyumba

Kila kitu mwenye nyumba. Nina wapangaji saba mi mwenyewe niko Mwanza, mtu kamwaga pampasi kwenye mtaro nilipe mimi? Kwenye shimo sawa nakubali, ukuta nakubali, ila taka za mtu na tabia zake abebe mwenyewe.

Mgeni njiani

Si mumpeleke baraza la kata hilo la ukuta liishe?

Mtoa mada

Baraza la kata kwenye ardhi tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui, jirani akigoma mnaenda baraza la ardhi la wilaya. Ila usuluhishi nao usiudharau, wengi wanalainika pale pale wakiona wajumbe wamekaa.

Mwenye nyumba nakuunga mkono, taka abebe aliyetupa. Ndo maana neno "mkazi" silitaki, linamchanganya mwenye shimo na mwenye pampasi.

Wa Tabata, kwenye mchanga umenishika kidogo, faini ya makubaliano inafanya kazi kwa anayekubali. Shida ni siku atakapotokea mbishi mwenye wakili akakataa, mtamfanya nini? Mgambo akibeba toroli lake hapo nyie ndo mnashtakiwa. Wanyonge watalipa, mbishi hatalipa, na kwetu huyo wa bomba la inchi nne ndo mbishi wenyewe.

Wa Tabata

Hahaha hapo sawa. Kwetu kuna mwenye ghorofa hajawahi kulipa hata mia, na kokoto zake zipo mpaka leo, bajaji zinapita upande mmoja.

Mtoa mada

Umeona sasa. Kuna mtu ana nakala ya sheria ndogo za usafi za Manispaa ya Ubungo? Nataka ile yenye namba ya tangazo la serikali, sio picha ya ubao. Nikifika nayo Jumapili kabla hawajahesabu mikono itanisaidia.