Kichwa cha gitaa la umeme: kukikata, kukiongezea mbao au kubadilisha shingo nzima?

Solo_Buruburu:
Hamjambo wenzangu. Nina gitaa la umeme la mtindo wa Stratocaster ya kampuni ya Fender, nililolinunua hapa Nairobi likiwa limeshatumika. Sauti yake ni nzuri na shingo imenyooka, lakini kichwa chake, yaani ile ncha ya shingo yenye mashine za kukazia nyuzi, ni kipana na kizito machoni, na ningependa kifanane na vile vyembamba vya miaka ya 1950. Naona njia tatu: kukikata, kukibandika mbao pembeni kisha kukichonga upya, au kuagiza shingo ambayo kichwa chake bado ni ubao mtupu. Ninyi mliojaribu mngenishauri lipi?

Fundi_Kariobangi:
Ndugu yangu, kabla ya kuchora chochote, fungua nyuzi na mashine za kukazia, kisha upime kutoka kila tundu hadi ukingoni, kwa sababu matundu hayo sita ndiyo yanayoamua umbo, wala si mchoro. Kwa bahati nzuri, katika mtindo huo mashine zote zimepangwa upande wa juu, na mbao ya ziada iko chini na kwenye ncha, mahali ambapo hakuna kitu cha kushikiliwa.

Mimi hukata milimita 2 au 3 nje ya mstari kwa msumeno wa wembe mwembamba, halafu humalizia kwa tupa na msasa, nikianza na namba 80 hadi 320. Vanishi za viwandani ni ngumu na hubanduka vipande vipande, kwa hiyo bandika utepe wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata. Usiguse unene wa kichwa, na usikaribie nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kati ya shingo na kichwa, kwani hapo ndipo shingo inapokuwa nyembamba, na aghalabu ndipo panapokaa tundu la kurekebishia fimbo ya chuma inayonyoosha shingo. Tofauti na gitaa nyingi za kampuni ya Gibson, ambazo kichwa huinama nyuma digrii 17 na huvunjika hapohapo gitaa likianguka, chako kiko sambamba na shingo, hivyo kinavumilia zaidi.

Binti_Besi:
Mimi nilibandikiwa mbao, na singerudia. Fundi niliyempa kazi alitumia mbao ya aina nyingine, na nyuzinyuzi zake hazikufuata mwelekeo wa zile za shingo. Ilipofika Februari, hewa ikiwa kavu, mstari wa gundi ukaanza kuonekana chini ya vanishi, nami nikalazimika kupaka kichwa kizima rangi nyeusi. Isitoshe, uzito uliongezeka na gitaa likawa linainamia upande wa kichwa kila nilipoachia mkono. Ikiwa unataka kupunguza, kaka, sioni sababu ya kwanza kuongeza.

Mkusanyaji_Ngara:
Naomba tusikidharau kichwa kipana. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na kichwa kidogo. Kampuni ya utangazaji ya CBS iliinunua Fender mwaka 1965, na kufikia mwisho wa mwaka huo kichwa kikapanuliwa, kikabaki hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama gitaa lako linaiga kipindi hicho, umbo hilo lina historia yake, na atakayelinunua kesho huenda akalitaka hivyo.

Shingo mpya ndiyo njia pekee unayoweza kuirudisha nyuma, kwa kuwa ile ya zamani unaihifadhi kabatini. Hakikisha imetengenezwa kwa urefu wa nyuzi, kutoka nati hadi daraja, wa milimita 648, la sivyo noti hazitalingana, na kisigino, yaani mwisho wa shingo unaoingia kwenye mwili wa gitaa, kina upana wa milimita 56 hivi, la sivyo haitakaa kwenye mfuko wake. Hata hivyo, utalipia usafirishaji na ushuru, kisha bado utahitaji mtu wa kutoboa matundu ya mashine, ambayo mara nyingi huwa ya milimita 10, na wa kuchonga nati.

Solo_Buruburu:
Asanteni sana. Nimepima, na chini ya tundu la mwisho nina mbao ya kutosha. Nimekata kigezo cha katoni na kukiweka juu ya kichwa tangu jana, na kila nikipita napendezwa nacho. Nitakata. Fundi, naweza kukuletea Jumamosi?

Fundi_Kariobangi:
Karibu. Njoo na shingo ikiwa na vanishi yake, usianze kuipiga msasa nyumbani. Mashine zifunge moja moja pamoja na skrubu zake, uziandike namba, na kigezo cha katoni usikisahau.