Tupeane uzoefu: chuo kilipokuomba maoni kuhusu kozi uliyosoma, nini kilifuata?

Mwalimu wa Miyuji:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha chuo cha kati hapa Dodoma, stashahada. Mtaala wetu umefika muda wa kuhuishwa na nimo kwenye kamati. Makaratasi ambayo NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vyetu) watataka kuyaona nayajua. Nataka kusikia kwa waliowahi kuulizwa.

Naanza mimi. Kuna moduli iliyotoa sapu (mitihani ya kurudia) nyingi mno muhula uliopita. Kikaoni tukasema wanafunzi hawasomi. Roho haikutulia, nikaomba madaftari ya wanafunzi watatu. Yote matatu yameishia mada moja, wiki ya 9. Mwenye moduli alikwenda likizo ya uzazi na hakuna aliyemshikia vipindi. Wanafunzi walikuwa wameandika hivyohivyo kwenye fomu za tathmini, na fomu ziko kabatini, bahasha hazijafunguliwa. Iliniuma sana.

Binti Kondoa:
Mwalimu, shikamoo. Sisi chuo kikuu matokeo hayafunguki kwenye mfumo mpaka ujaze tathmini ya kila somo. Masomo saba, kila moja maswali zaidi ya ishirini, bando linakata, unataka kuona GPA yako. Unabonyeza "nakubali" mpaka chini. Nilijaza kwa makini mara moja tu: mwalimu wa takwimu aliingia darasani na karatasi, akatusomea tuliyoyasema mwaka uliotangulia na aliyoyabadilisha. Maabara ilihamia asubuhi kwa sababu mchana kompyuta hazikutosha. Siku ile niliandika mpaka nafasi ya maoni ikajaa.

Afisa Mipango:
Mimi napokea wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo) hapa halmashauri. Kila mwaka najaza fomu ya msimamizi: nidhamu, mahudhurio, ubunifu, alama. Hakuna sehemu ya kuandika kwamba kijana anajua nadharia zote za ushirikishwaji wa jamii ila hajui kuandika muhtasari wa kikao cha kijiji. Nilipoitwa kwenye kikao cha wadau wa mtaala nikalisema hilo. Rasimu tulipewa asubuhi ileile, kurasa zaidi ya mia, saa nane tukasaini mahudhurio tukaondoka. Mwalimu, naomba watumieni wadau rasimu wiki mbili kabla.

Mzee wa Kikuyu:
Nimewahi kuwa mtahini wa nje. Wengi wanadhani kazi ni kuhakiki alama. Mimi naanza na mtihani wenyewe, nauweka kando ya mtaala. Mtaala unasema mhitimu "ataweza kuandaa bajeti", mtihani unamwambia "taja sifa tano za bajeti nzuri". Hapo hata wote wakipata A, bado hujajua kama wanaweza kuandaa bajeti.

Mkulima Hombolo:
Nilimaliza stashahada ya biashara. Siku moja napigiwa simu na chuo niko shambani, msimu wa zabibu, tenga begani. Dada akauliza kama nimeajiriwa. Nikasema hapana. Nikasikia anataka kuhamia swali la mwisho. Nikamwambia subiri dada yangu, nina ekari mbili za zabibu na vibarua wanne, na somo la kukokotoa gharama ndilo linalonionyesha kama bei ya mnunuzi inanilipa au inanimaliza. Akanyamaza kidogo, akasema kwenye fomu yake kuna "ameajiriwa" na "hajaajiriwa" tu. Nikamwomba aandike pembeni. Sijui kama aliandika.

Binti Kondoa:
Kaka, hongera sana. Hilo la pembeni ndilo la kuingia kwenye mtaala.

Mwalimu wa Miyuji:
Marahaba binti. Wakuu, nimeandika yote. Fomu ya wahitimu naibadilisha wiki hii, naongeza waliojiajiri na nafasi ya kueleza somo lililowafaa. Rasimu itatumwa mapema. Na Jumatatu naomba ufunguo wa lile kabati. Nitafungua bahasha moja moja, na majibu nitawasomea wanafunzi darasani.

Wengine endeleeni kushusha, hasa waliopita vyuo vya afya na ualimu.