Naomba ushauri: nitatofautishaje adabu ya ukwe na ugomvi kwenye kikao cha familia?

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Naombeni msaada, hasa mnaofanya unasihi wa familia.

Familia ninayoinasihi iko Rungwe: baba, mama, binti wa kidato cha pili na babu mzaa baba. Ugomvi uliowaleta ni hela ya majani ya chai, nani aipokee. Nimechora jenogramu (mchoro wa ukoo na mahusiano yake) ya vizazi 3: mraba mwanamume, duara mwanamke, mstari wa zigizaga kwa wanaogombana, mistari sambamba kwa walioshikamana. Babu na baba wameshikamana mno. Binti ndiye anayebebeshwa ujumbe kati ya wazazi wake.

Nimekwama kwenye mstari wa mama na babu. Kikaoni mama hamtazami babu, anakaa upandeupande, akiulizwa na mzee anajibu kupitia binti. Kwa mafunzo yetu, hapo ungeandika uhusiano umekatika. Lakini mila ya Kinyakyusa inamtaka mke wa mtoto amwepuke baba mkwe, kwa hiyo huenda ni adabu tu. Maswali ya mzunguko, yaani ya kumuuliza mmoja kuhusu mahusiano ya wengine ("Babu akikasirika, nani hunyamaza kwanza?"), hayafiki kwa wengine, babu anawajibia wote, na mzee humkatizi hivihivi.

Mama nilimwona peke yake kwanza kuuliza kuhusu kipigo na vitisho (hayo hayaulizwi mbele ya mume, atalipia nyumbani). Amesema hakuna.

Je, mnauliza au kuangalia nini kutenganisha adabu ya ukwe na chuki? Na babu nimwite peke yake, au atajiona ameshafanywa hakimu?