Tunakwenda Kentucky mwezi Oktoba, naomba ushauri

Mwana_Pangani
Wakuu, habari za leo. Dada yangu anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na Oktoba tunakwenda kumtembelea: mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na 14) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Gari lipo. Kila nikisoma habari za jimbo hilo nakutana na pombe ya bourbon na mbio za farasi. Sisi hatunywi wala hatubeti. Nataka watoto wajue kitu cha maana kuhusu mahali anapoishi shangazi yao. Tuanzie wapi?

Kibatari
Mammoth Cave, mkuu, mengine yafuate. Ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Zaidi ya kilomita 680 zimeshapimwa na mwisho haujaonekana. Eneo lote lile limekaa juu ya mawe ya chokaa, maji ya mvua yanapenya na kuyala taratibu, ndiyo maana huko hata vijito hupotelea ardhini.

Wasimulieni watoto habari za Stephen Bishop. Alikuwa mtumwa, akaletwa pale mwaka 1838 akiwa kijana ili aongoze wageni. Akavuka shimo ambalo wote kabla yake waliishia ukingoni, akafika kwenye mito ya chini kwa chini yenye samaki wasio na macho, na mwaka 1842 akachora ramani ya pango kwa kumbukumbu tu. Jina lake bado linasomeka mle ndani, limeandikwa kwa moshi wa mshumaa. Alifariki 1857, mwaka mmoja tu baada ya kupata uhuru.

Kuingia hifadhini ni bure, ila pangoni ni lazima tiketi ya ziara, na wikiendi za Oktoba hujaa. Kateni mapema. Mama mkwe achukue ziara ya Frozen Niagara, ni fupi. Ile inayoitwa Historic ina ngazi zaidi ya 500. Bebeni masweta, ndani ni kama nyuzi 12 mwaka mzima. Mkitoka mtakanyagishwa mikeka yenye maji ya sabuni, kuzuia kusambaza fangasi wanaoua popo.

Yaya_wa_Goma
Karibuni sana, Wakongo tuko wengi Louisville, Kiswahili mtakisikia.

Kaka, angalia SAA. Louisville wanafuata saa za mashariki, pangoni wanafuata saa za kati. Tiketi ikisema saa nne asubuhi, kwa dada yako ni saa tano. Kwa hiyo kwenda mnapata saa moja ya ziada, ila kurudi mnaipoteza, na watoto watakuwa na njaa. Njiani pitieni Hodgenville, Abraham Lincoln alizaliwa karibu na hapo mwaka 1809.

Mjini msiache kituo cha makumbusho cha Muhammad Ali. Ni mtoto wa Louisville na kaburi lake liko kwenye makaburi ya Cave Hill. Sisi kwetu bado tunasimulia usiku aliompiga Foreman Kinshasa, Oktoba 1974.

Mwalimu_Tabora
Naomba nitofautiane kidogo: farasi msiwaruke. Kwenye Kentucky Derby ya kwanza, zile mbio kubwa za farasi za Louisville, 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi alikuwa mmoja wao, Oliver Lewis. Baadaye wakasukumwa nje ya mchezo. Makumbusho ya Churchill Downs, uwanja wa mbio hizo, yako wazi hata msimu wa mbio ukipita, na hakuna anayelazimishwa kubeti.

Halafu Camp Nelson, kambi ya zamani ya jeshi kusini ya mji wa Lexington. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kentucky haikujitenga na Muungano kama majimbo ya Kusini, kwa hiyo tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi halikuwagusa watumwa wake. Njia ya uhuru ikawa kujiandikisha jeshini, na zaidi ya 10,000 walifanya hivyo pale kambini. Novemba 1864 wake na watoto wao walifukuzwa kambini kwenye baridi kali, wengi wakafa. Kelele zilizopigwa zikachangia sheria ya Machi 1865 iliyoziweka huru familia za askari. Huyo wa miaka 14 mpeleke.

Mwana_Pangani
Mwalimu, Camp Nelson sikuwahi kuisikia kabisa. Imeingia. Vipi maporomoko ya Cumberland Falls na ule upinde wa mvua wa usiku?

Kibatari
Upo kweli, lakini unahitaji mwezi mpevu na anga safi, na toka Louisville ni karibu saa tatu barabarani. Tazama kalenda ya mwezi kwanza. Kama haulingani na safari yenu, siku hiyo itumieni Camp Nelson.