Mnara unaonyesha ardhioevu ya Aktiki inafyonza hewa ukaa mwezi Desemba. Nifanyeje?

Tundra_Data: Wadau, naomba ushauri. Nachakata data za mnara wa edi kovariansi (mbinu ya kupima gesi inayopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya hewa) kaskazini mwa Uswidi. Kichambuzi cha gesi ni cha njia wazi, yaani mwanga wake hupita kwenye hewa ya nje. Desemba jua halichomozi, theluji imefunika kila kitu, baridi ni −20 °C, lakini grafu inashuka chini ya sifuri, yaani ufyonzaji. Nifute hizo hasi? Halafu chemba za methani (masanduku yenye mfuniko yanayopima gesi itokayo udongoni) huondolewa mwanzoni mwa Septemba. Ni sawa?

Mkokotoaji: Usifute hasi peke yake. Utabaki na chanya tupu, na jumla ya mwaka itapinda upande wa pili.

Kifaa hakijaharibika. Umeme wake hukipasha joto, kwa hiyo hewa inayopita kwenye njia ya mwanga huwa na joto kuliko ile inayopimwa na anemomita (kipima upepo na joto la hewa). Hewa hiyo hutanuka, hewa ukaa katika kila mita ya ujazo inapungua, na programu inahesabu upungufu huo kuwa ufyonzaji. Sahihisho la kawaida la msongamano wa hewa, la Webb, Pearman na Leuning (1980), hutegemea joto la anemomita, hivyo tofauti hiyo inalipita. Jaribu sahihisho la Burba (2008), linalohesabu joto la kifaa chenyewe, ila vigezo vyake vilipatikana kwa kifaa kilichosimama wima. Chako kikiwa kimeinamishwa, usivichukue kama vilivyo.

Mkibadilisha kichambuzi, cha zamani na kipya vifanye kazi sambamba mwaka mzima, baridi ikiwemo. Bila hivyo mfululizo wa miaka unakatika hapo.

Mboji: Septemba ni mapema mno! Kule Zackenberg, kaskazini-mashariki mwa Greenland, chemba ziliachwa hadi udongo ukaganda mwaka 2007, na methani iliyotoka wakati wa kuganda ilikaribia ile ya kiangazi kizima. Barafu hushuka kutoka juu, chini kuna udongo ulioganda daima, gesi inabanwa katikati mpaka ipenye. Ziacheni.

Tundra_Data: Asante sana. Mfuniko ukigandia kwenye fremu?

Mboji: Futa maji kwenye mpira wa kuzibia kabla ya usiku wa baridi, na kagua mstari wa grafu wa kila kipimo. Methani ikipanda kisha mstari ukalala kabla chemba haijafunguka, shuku uvujaji. Ikiruka ghafla sekunde za mwanzo, huenda ni mtikisiko wa mfuniko au mtu amekanyaga mboji pasipo na njia ya mbao. Kipimo hicho kitupe. Ikiruka katikati, ni kiputo cha kweli: kihifadhi, kihesabu kando.