Namna ya kuondoa namba, maandishi na gundi kwenye jezi bila kuharibu kitambaa

Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye uzoefu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kata, na timu yetu ya mpira wa miguu inajiandaa kwa UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Kwa michango ya wazazi tumenunua kwa wauza mitumba jezi 16 nyekundu zilizokuwa za klabu moja ya ridhaa ya Ulaya. Kitambaa ni kizima, rangi bado inapendeza, na lebo ya ndani inaonyesha kwamba ni poliesta asilimia 100.

Tatizo ni yale yaliyobandikwa juu yake. Kila jezi ina namba kubwa nyeupe mgongoni na jina la mchezaji juu ya namba hiyo, na kifuani lipo tangazo la bia, ambalo siwezi kukubali wanafunzi walivae. Isitoshe, inaonekana jezi hizi zimechanganywa kutoka timu ya kwanza na ya akiba, kwa maana zipo namba zinazojirudia, na hatuwezi kuingia uwanjani na wachezaji wawili wenye namba moja.

Nilipoinua pembe ya namba moja kwa ukucha, plastiki ilikatika vipande vidogo na kuacha gundi inayonata na kukusanya vumbi. Jirani mmoja ananishauri nitumie petroli, mwingine anasema tina ya rangi, na fundi cherehani wa hapa mtaani anasema pasi peke yake inatosha. Pasi ya umeme ninayo, lakini umeme wetu si wa kutegemea, kwa hiyo huenda nikalazimika kutumia pasi ya mkaa. Naomba kujua nianze na kipi, gundi itatokaje, na kama alama ya namba ya zamani itafutika kabisa. Fedha za kununua seti mpya hatuna, hivyo sitaki kuharibu hata jezi moja.

Fundi wa Kuchapa, Kariakoo

Mwalimu, heshima kwako. Kabla hujagusa pasi wala kimiminika chochote, tambua kwanza maandishi hayo yaliwekwaje, kwa sababu jezi moja inaweza kuwa na namba iliyowekwa kwa njia moja na tangazo lililowekwa kwa njia nyingine, na dawa ya hii haifai kwa ile.

Pitisha kidole juu ya namba. Ikiwa ni laini kama plastiki nyembamba na ina ukingo unaoweza kuuhisi, hiyo ni vinaili iliyobandikwa kwa joto. Ikiwa ina manyoya mafupi kama mahameli, hiyo ni floki, nayo hubandikwa vilevile kwa joto. Ikiwa unaona uzi umezunguka ukingo, imeshonwa. Ikiwa ni wino mzito ulioingia katikati ya nyuzi na hauna ukingo wa kuinua, imechapwa kwa skrini. Na ikiwa huhisi kitu chochote, kidole kinapita kana kwamba hapana maandishi, basi rangi imeingia ndani ya uzi wenyewe kwa njia ya sablimesheni, na hiyo haitoki. Usipoteze muda wako wala kitambaa chako. Kwa maelezo uliyotoa, namba zako ni vinaili. Tangazo la kifuani lichunguze peke yake.

Vinaili na floki zina gundi kavu kwa chini inayoyeyuka kwa joto. Sisi mafundi huibandika kwa mashine yenye joto la nyuzi 150 hadi 160 hivi kwa sekunde 10 hadi 15, ikapoa, ikashika. Ukiirudishia joto la kiasi hicho inalainika tena, na hapo ndipo namba inapoachia. Ulipoivuta ikiwa baridi, gundi ilikuwa bado imeshika kitambaa kuliko plastiki yenyewe ilivyo imara, ndiyo maana ikakatika.

Fanya hivi. Geuza jezi nje ndani, uilaze mezani ili namba itazame chini, na chini ya namba hiyo utandike karatasi ya kaki au kitambaa cha pamba usichokihitaji. Katikati ya mgongo na kifua ingiza kipande cha boksi. Watu wengi husahau boksi hilo, kumbe joto linalolainisha namba ya mgongoni huweza kulainisha na tangazo la kifuani, pande mbili zikashikana. Weka pasi kwenye alama ya nukta mbili, ambayo ni nyuzi 150 hivi, bila mvuke, utangulize kitambaa chembamba cha pamba, kisha kandamiza upande huo wa ndani kwa sekunde kumi na zaidi kidogo. Joto likitokea nyuma huipata gundi kabla ya kuipata plastiki, na ndivyo tunavyotaka. Usiikokote pasi huku na huku kama unayenyoosha nguo. Iweke, ikandamize, iinue.

Geuza haraka, inua pembe kwa kibanio, kisha vuta ukiilaza plastiki nyuma juu yake yenyewe, siyo kuivuta kwenda juu, huku mkono wa pili ukikibana kitambaa mezani mbele kidogo ya mahali inapoachia. Ikikataa, usishindane nayo. Rudisha joto na uendelee sehemu ndogo ndogo. Majina yana herufi nyembamba na yatakuchosha kuliko namba.

Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, lakini usijidanganye kwamba una nafasi kubwa, kwa kuwa huanza kung'aa na kukakamaa mapema zaidi ya hapo, na mng'ao huo hauondoki. Kwa sababu hiyo pasi ya mkaa inahitaji uangalifu wa pekee. Irushie tone la maji kwenye uso wake: likichemka na kukauka palepale kwa mlio, waweza kuitumia ukiwa na kitambaa cha pamba katikati; likikusanyika kama shanga na kukimbia juu ya chuma, pasi ni kali mno, isubiri ipoe.

Bi Mshonaji, Tanga

Mwanangu mwalimu, fundi amekueleza vizuri na sina la kupunguza kwenye pasi. Nitaongeza juu ya gundi inayobaki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kuanza kumwagia jezi kila kinachonuka.

Gundi ikiwa bado na joto, weka karatasi safi ya kaki juu yake, piga pasi kwa muda mfupi, kisha ivue karatasi ingali moto. Sehemu kubwa ya gundi huhamia kwenye karatasi. Badilisha karatasi kila mara, maana ukiirudia iliyokwisha kujaa unaipaka gundi upya mahali palipokuwa pameshasafika. Vipande vidogo vinavyobaki vikiwa vigumu, weka jezi kwenye mfuko wa plastiki, iingize kwenye friza usiku mmoja, na asubuhi ukikunja kitambaa gundi hupasuka na unaweza kuikwangua kwa kadi ya zamani ya plastiki. Usitumie kisu wala wembe. Uzi wa jezi ukikwaruzwa hutoa manyoya, na ukikatika mmoja unafumuka mstari mzima.

Panaponata kidogo tu, paka mafuta ya nazi, yaache yalainishe, kisha fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mpaka mafuta yaishe. Hili halina hatari hata kwa watoto wa shule wakikusaidia.

Kwa wengine watakaosoma: namba zilizoshonwa zifumuliwe kutokea upande wa ndani, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kuvuta. Matundu ya sindano hupungua ukifua na kusugua kidogo kwa kucha upande wa nyuma. Lakini nyingi hushonwa juu ya gundi, kwa hiyo baada ya kufumua bado pasi itahitajika.

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Mwalimu mwenzangu, nakusihi uiache petroli. Mvuke wake hushika moto hata katika hali ya hewa ya baridi, ni mzito kuliko hewa na hivyo hutambaa sakafuni, na wewe unazungumzia kufanya kazi hii karibu na pasi ya mkaa. Hata kama hapakutokea moto, petroli huacha mafuta na harufu ambayo mtoto atakuja kuivuta akikimbia na kutoka jasho. Tina ya rangi nayo ni mchanganyiko unaotofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, mara nyingi ukiwa na toluini au vimiminika vya jamii hiyo, ambavyo si vya kuvuta katika chumba wala kugusa kwa mkono mtupu.

Ikiwa karatasi na mafuta vimeshindwa, tumia asetoni, inayopatikana kwenye maduka ya vipodozi kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Chagua isiyo na rangi wala mafuta, na usome kwenye chupa kwamba kweli ni asetoni. Haiyeyushi poliesta, bali hulainisha gundi nyingi za aina hii. Huyeyusha asiteti, aina nyingine ya nyuzi za nguo, kwa hiyo lebo ya nguo isomwe kwanza. Na jezi yenye nyuzi za kunyumbuka uipe tahadhari zaidi. Hata kwa poliesta tupu, jaribu kwanza kwenye pindo la ndani: dondosha kidogo, bonyeza kwa pamba nyeupe, uangalie kama rangi nyekundu imehamia kwenye pamba. Ikihamia, acha.

Kama rangi imetulia, lowesha pamba, bonyeza kutokea ndani ya jezi huku nje pakiwa na kitambaa cha kupokea gundi, subiri kidogo, kisha kwangua kwa kadi kutokea ukingoni kwenda katikati ili usiitawanye. Fanya kazi nje, pasipo na jiko, sigara wala pasi. Na hili nalisisitiza kwa moyo wote: jezi iliyoguswa na asetoni isirudi kwenye pasi mpaka ifuliwe na kukauka kabisa. Watu hupenda kuchanganya njia hizi mbili kwa wakati mmoja ili kuharakisha, na ndivyo wanavyoungua. Maliza kazi ya pasi kwa jezi zote, zima moto, ndipo ufungue chupa.

Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Nawashukuru sana nyote. Nimeanza na jezi mbili kwa pasi ya umeme. Namba zimetoka zikiwa nzima, na karatasi ya kaki imebeba gundi kuliko nilivyotarajia. Mabaki yamekwisha kwa mafuta ya nazi, na asetoni sijaihitaji. Ila yamejitokeza mambo mawili. Kwanza, tangazo la kifuani halina ukingo, limepasuka pasuka kama udongo uliokauka, na pasi hailiachishi. Pili, mahali palipokuwa na namba, rangi nyekundu ya jezi imekolea kuliko sehemu nyingine, hata namba ya zamani inasomeka ukiitazama juani. Je, nifue kwa jiki kidogo ili rangi zilingane?

Fundi wa Kuchapa, Kariakoo

Jiki usiiguse, mwalimu. Haitalinganisha chochote, itadhoofisha kitambaa na kuacha madoa. Alama unayoiona ina sababu mbili. Sehemu yake ni nyuzi zilizolazwa na mashine siku namba ilipobandikwa, na hiyo hupungua kwa mvuke na kufua. Sehemu kubwa ni jua: jezi nzima imepauka miaka yote hiyo isipokuwa palipofunikwa, kwa hiyo unachokiona ni rangi ya awali ya jezi yenyewe. Hakuna dawa ya kuirudisha ile iliyopauka. Dawa ni kupanga namba mpya zifunike za zamani. Pima urefu na upana wa alama kabla ya kwenda kwa mchapaji, na umwombe namba pana kidogo kuliko hizo, zenye miguu minene. Ukiweza, gawa namba mpya ukizingatia alama zilizopo: penye alama ya 1 weka 4 au 10, penye 3 weka 8. Zile zinazojirudia ndizo zitakazokusumbua, kwa mfano ukitaka kuigeuza 8 iwe 7, na hapo itabidi kuweka kwanza kibandiko cha mstatili chenye rangi nyingine, kisha namba juu yake.

Tangazo hilo ni wino wa skrini. Wino wa namna hiyo, ambao kwa kawaida ni plastiki iliyoivishwa kwa joto la nyuzi 160 hivi, umeshikana na nyuzi na hauvuliki kama vinaili. Karakana kubwa huurushia kimiminika maalumu kwa bunduki ya mgandamizo, lakini kwa kitambaa chepesi cha jezi naona hatari ni kubwa kuliko faida. Mpe fundi cherehani ashone juu yake kipande cha poliesta kilichochapwa jina la shule. Akishone, asikibandike kwa joto, kwa sababu wino wa chini utalainika tena na kibandiko hakitashika vizuri.

Ukifika kwa mchapaji, mweleze mapema kwamba jezi ni poliesta nyekundu na namba zitakuwa nyeupe. Rangi ya poliesta hupanda kwa joto na kuingia kwenye namba, nyeupe ikageuka waridi baada ya siku chache. Ipo vinaili yenye tabaka la kuzuia rangi, na zipo za kubandikwa kwa joto la chini. Uliza mojawapo ya hizo na umtake ajaribu kwenye jezi moja kabla ya kuzimaliza zote. Akikuambia atakuchapia namba nyeupe kwa sablimesheni, tafuta mwingine, kwa kuwa njia hiyo haiweki nyeupe juu ya nyekundu.

Hakikisha pia gundi ya zamani imeisha kabisa mahali zitakapokaa namba mpya, maana mashine itaiyeyusha upya, itokeze pembeni na kuchafua. Baada ya hapo jezi zifuliwe zikiwa zimegeuzwa nje ndani, kwa maji baridi, zianikwe kivulini.

Bi Mshonaji, Tanga

Kwenye kipande cha kifuani, mwanangu, mwambie fundi akunje kingo zote nne na atumie mshono mrefu kidogo, siyo ule wa karibu karibu, kwa sababu poliesta nyepesi ikitobolewa sana mstari mmoja huchanika hapo hapo mchezaji akivutwa. Na kipande kikatwe kikiwa kipana kuliko tangazo kwa kidole kizima kila upande, ili wino mweupe usichungulie.